Nilivyoichagua bima ya familia yangu, baada ya kupotezwa mara ya kwanza

Mwaka jana nilikaa miezi mitano bila kushika hata bisibisi. Mimi ni fundi umeme, sina mwajiri, na siku nisiyofanya kazi ni siku nisiyolipwa. Pamoja na hayo kodi ya nyumba ililipwa, watoto hawakurudishwa kwa kudaiwa ada, na mke wangu hakuuza hata kiti. Watu wameniuliza sana tuliishije. Najibu kwa maandishi, kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu na bado naona unagawiwa kwa wengine.

Ushauri wenyewe ulitoka kwa shemeji yangu, mtu anayenipenda kwa dhati. Aliniambia bima ambayo hela yake hairudi ni hasara tupu, nitafute ile inayochanganya maisha na akiba, ili nisipokufa nichukue changu. Wakala aliyeletwa nyumbani alinichorea mstari unaopanda mpaka mwaka wa 20. Nikasaini. Ada ilikuwa kubwa, karibu sehemu moja ya nane ya kipato changu cha mwezi mzuri.

Tatizo ni kwamba fundi ana miezi mibaya pia. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi kazi zilikauka, nikashindwa kulipa, siku 30 za nyongeza wanazokupa ulipe ada iliyochelewa zikapita, mkataba ukakatika. Nilikwenda ofisini kwao kuomba angalau nusu ya nilichoweka. Karani hakubishana nami. Alifungua hati yangu mwenyewe, akaigeuza inielekee, akaweka kalamu juu ya jedwali dogo la kile kinacholipwa ukivunja mkataba mapema. Mwaka wa kwanza, sifuri. Mwaka wa pili, sifuri. Namba zilianza mwaka wa tatu, nazo zilikuwa ndogo kuliko nilichokwisha kulipa. Jedwali hilo lilikuwa nyumbani kwangu muda wote, ndani ya bahasha juu ya kabati.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua nikiwa njiani kurudi. Nilipiga hesabu ya fidia ambayo mke wangu angepewa kama ningekufa, nikaona ingewatunza kwa miezi kumi na minne tu, na mtoto wetu mdogo alikuwa na miaka minne. Katika bima za aina ile sehemu kubwa ya ada za mwanzo huenda kwenye kamisheni na gharama, nyingine huenda kwenye akiba, na kinacholinda familia ni kipande kilichobaki. Bima ya maisha ya muda maalumu, ile inayolipa tu ukifa ndani ya miaka mliyokubaliana, ingenipa ulinzi mara nyingi zaidi kwa ada ndogo kuliko ile. Ndiyo, usipokufa hela yake hairudi. Na ya mlinzi wa usiku hairudi pia, hata kama wezi hawakuja mwaka mzima, na hakuna anayemwita mlinzi hasara.

Mara ya pili tulianza na daftari. Watoto walipolala, mimi na mke wangu tuliandika mistari minne: nikifa; nikiwa hai lakini siwezi kufanya kazi; mmoja wetu akilazwa; mke wangu akipoteza kazi. Chini ya kila mstari tuliandika hela gani itakatika na matumizi gani yataendelea. Mstari wa pili ndio uliotunyamazisha. Aliyelala kitandani bado anakula, ananunua dawa, anahitaji mtu wa kumgeuza, na haleti kitu. Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye kifo na kuuacha mstari huo. Marius Barnard, daktari wa upasuaji wa moyo wa Afrika Kusini, aliona hilo kwa wagonjwa wake: aliwatibu wakapona, kisha wakafilisika. Mwaka 1983 akashirikiana na kampuni ya bima kuanzisha bima inayolipa mkupuo unapogundulika kuwa na ugonjwa mkubwa, ungali hai. Sisi hatukuinunua hiyo, maana inalipa kwa magonjwa yaliyotajwa kwenye orodha tu. Tulitaka bima ya kipato, inayolipa kila mwezi kwa sababu huwezi kufanya kazi, ugonjwa uwe wowote ule ambao mkataba haujauweka kando.

Hapo nikabuni swali ambalo naliona ndiyo kazi bora niliyoifanya katika safari hii yote. Kila wakala nilimwambia: "Leo ni Jumatatu. Nimeamka siwezi kusimama. Nisimulie hela: nani ananilipa, kuanzia siku ya ngapi, kiasi gani, mpaka lini." Akimaliza, naongeza: "Sasa nionyeshe ukurasa unaosema hivyo."

Niliwauliza sita. Wa kwanza alisimulia vizuri sana, kisha akatafuta ukurasa kwa dakika nyingi na kuukosa. Wa pili alimpigia bosi wake mbele yangu. Wa tatu alipofika kwenye ukurasa alisoma kwa sauti, akasita katikati ya sentensi: bima aliyokuwa akiniuzia ilikuwa ya ajali peke yake. Nilikuwa karibu kuinunua, kwa kuwa napanda ngazi kila siku na niliamini kitakachoniangusha ni ngazi. Wa nne na wa tano walinipa vipeperushi.

Wa sita alikuwa mama mmoja wa makamo. Kabla sijamaliza swali alifungua hati kwenye mambo yasiyofidiwa, akaweka kidole. "Kaka, tuanzie hapa, maana tukigombana siku moja tutagombania hapa." Tukasoma mstari kwa mstari. Alinieleza kwamba kadiri ninavyokubali kusubiri siku nyingi kabla ya kuanza kulipwa ndivyo ada inavyoshuka. Siku 90 ni nafuu kuliko 30. Alinieleza kwamba hawalipi kipato chote, ila kama theluthi mbili, ili mtu awe na sababu ya kurudi kazini. Akanionyesha pia maneno mawili yanayofanana na ambayo tofauti yake ni mlima: kushindwa kufanya kazi yako na kushindwa kufanya kazi yoyote. Fundi aliyepoteza nguvu ya mkono bado anaweza kukaa getini kuandika majina ya wageni. Mkataba wa kazi yoyote utamwambia aende getini. Nikachukua wa kazi yangu, siku 30, ada ikapanda kidogo.

Matibabu hayakutusumbua sana. Mke wangu ana bima ya kazini inayotugusa sote, lakini hiyo inakufa siku ajira yake inapokufa, kwa hiyo tuliongeza ndogo yetu ya kulazwa tu. Msiangalie kikomo kikubwa cha malipo kilichoandikwa juu. Angalieni vikomo vidogo ndani yake, cha upasuaji, cha kitanda, na miezi ya kusubiri kwa uzazi. Nilikwenda pia dirisha la malipo la hospitali tunayoitumia, saa za mchana kukiwa kimya, nikamuuliza karani barua za idhini, zile za bima kukubali kulipia matibabu, za kampuni gani zinafika haraka. Alinitajia mbili bila kufikiri.

Kisha ikaja fomu. Swali la kumi na moja: je, umewahi kuambiwa una shinikizo la damu? Nilikuwa na presha kwa miaka mitatu, natumia kidonge kimoja asubuhi. Rafiki yangu aliyekuwa na sisi akasema weka hapana, wataongeza ada bure, nani atajua. Kalamu yangu ilikuwa tayari kwenye kisanduku. Mke wangu akaishika, hakusema neno, akaivuta hadi upande wa ndiyo. Nikaandika na jina la kidonge. Kweli, ada ikapanda. Lakini bima imejengwa juu ya kuaminiana; Jaji Mansfield wa Uingereza aliiweka wazi mwaka 1766 kwamba anayejua hali yake ni mkata bima, na kampuni inategemea neno lake.

Miaka miwili baadaye, kilichoniangusha hakikuwa ngazi. Diski ya mgongo ilibana mshipa wa fahamu, mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikafanyiwa upasuaji. Tulipodai, kampuni iliomba faili lote la hospitali. Ukurasa wa kwanza kabisa daktari aliandika: mgonjwa ana presha, miaka mitano. Ofisa alisoma, akarudi kwenye fomu yangu, akapitisha kidole mpaka swali la kumi na moja, akasema, "Ulitutajia," na kuendelea na ukurasa unaofuata. Mke wangu alinibana mkono chini ya meza mpaka ukauma.

Kiasi walichonilipa walikikadiria kwa vitabu vyangu vya risiti na taarifa za benki za miezi 12. Mafundi wenzangu wanaopokea taslimu bila kuandika popote, hapa ndipo mtakapoumia, maana kipato kisichoonekana hakina theluthi mbili.

Kitu kimoja hakuna aliyeniambia, hata yule mama. Nilidhani siku ya 31 hela inaingia. Siku ya 31 ndiyo mwezi wa kwanza wa malipo unaanza kuhesabika, na hulipwa unapoisha. Kwa hiyo tulikaa siku 60 kamili kwa akiba yetu ya ndani, ambayo tulikuwa tumeiandaa kwa siku 30. Wiki za mwisho mke wangu alikopa kwa dada yake, tukarejesha. Tangu nirudi kazini tunajenga akiba ya miezi miwili, na mpaka leo tumefika mwezi mmoja na wiki mbili.