Siku ya mwalimu mkuu, kuanzia alfajiri

Saa kumi na moja alfajiri simu inatikisika. Ni kundi la WhatsApp la walimu wakuu wa kata: takwimu za madawati zinatakiwa kabla ya saa nne. Zamani ningeusoma ujumbe gizani, moyo ukaanza kwenda mbio kabla sijanawa uso. Tangu nilipopimwa presha zahanati na kuambiwa imepanda, simu siigusi mpaka ninywe chai.

Saa moja kasoro niko shuleni. Usafi, mstarini, kitabu cha mahudhurio. Walimu wawili hawapo; nagawa vipindi vyao.

Saa mbili na nusu anaingia mzazi bila hodi. Amekuja kwa ajili ya mahindi ya uji. "Mwalimu, serikali imesema elimu bure, wewe unatudai mahindi. Mnakula nyie!" Namweleza kwamba elimu bila malipo ipo kweli, tangu 2016, na ruzuku ya serikali kwa shule ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Humo hamna chakula, ndiyo maana wazazi wenyewe walipitisha debe moja kwenye mkutano. Anapaza sauti, walimu wanachungulia dirishani, anataja diwani. Natoa muhtasari wa kikao wenye saini yake. Mikono nimeificha chini ya meza, inatetemeka. Miaka kumi na minane kazini, na neno "mnakula" bado linanichoma kama siku ya kwanza. Tunakaa hivyo karibu saa nzima. Mwishowe anashusha pumzi: "Sina mahindi, mwalimu. Mvua ilikata." Tunakubaliana alete kuni.

Akitoka, kifua kimebana. Siendi kwenye takwimu. Nafungia simu kwenye droo, naingia darasa la pili, moja ya yale yasiyo na mwalimu, nafundisha kusoma kwa nusu saa. Watoto zaidi ya 80 wakiimba silabi kwa pamoja, pumzi hurudi yenyewe. Hakuna dawa niliyopewa inayofikia hiyo.

Takwimu zimechelewa, nimepigiwa, nimesemwa, nimezituma. Halafu fundi wa vyoo anadai saruji, mtoto kaumia goti, wa darasa la saba wana mazoezi ya mtihani wa Septemba, mwalimu anaomba ruhusa ya msiba. Sijui nilikula saa ngapi.

Giza likiingia nampigia mwalimu mkuu wa shule jirani. Tulikubaliana kila jioni, aliyelemewa zaidi aanze kusema. Leo nilikuwa nimejiandaa kuanza mimi. Nikasikia anavyovuta pumzi, nikamwambia, "Anza wewe, dada."