Nilivyomaliza kila pepa kidato cha nne bila kukesha

Naanza na beseni kwa sababu bado linaniuma. Nilikuwa kidato cha nne, mwezi wa tano, mjomba akaja kwetu Makorora, Tanga, akanikuta nasinzia juu ya daftari la Baiolojia. Akaniambia enzi zao walikuwa wanatia miguu kwenye maji baridi, usingizi unakimbia, wanasoma hadi kunakucha. Nilimwamini. Upande wa mama ni yeye peke yake aliyefika kidato cha sita, akisema jambo nyumbani linasikilizwa.

Usiku huohuo nikachota maji kisimani, nikajaza beseni, nikakaa sebuleni na kitabu mapajani. Nusu saa ya kwanza kweli nilikuwa macho, ila akili yote iko miguuni. Mbu wa Tanga nao hawana huruma: ukitoa mkono kuwafukuza, ukirudi kitabuni umeshapoteza mstari. Maji yakipata joto naenda kuyabadilisha. Kufika saa nane vidole vimekunjamana na nimesoma kurasa nne tu za mzunguko wa damu, mmoja wapo nimeurudia mara tatu. Nikang'ang'ania hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi tulikuwa na jaribio. Swali la kwanza lilikuwa na mchoro wa moyo, nakumbuka nilivyofurahi kuuona. Kinachofuata ninachokumbuka ni msimamizi anagonga meza yangu kwa kalamu, na dakika kama ishirini zimeshapita.

Kila mwaka wadogo zetu wanapewa ushauri huu, na anayeutoa hayumo chumbani siku ya mtihani. Inanikera sana.

Halafu ikaja moko ya Historia, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa. Pepa ni ya saa tatu, alama 100. Sehemu A ina alama 16, sehemu B maswali sita ya alama tisa tisa, sehemu C unachagua insha mbili kati ya tatu, alama 15 kila moja. Kufungua tu nikakutana na insha ya kwa nini Waafrika walishindwa kuwazuia wakoloni. Bibi yangu ni wa Pangani, habari za Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, nimezisikia toka sijajua kusoma, na ni hukohuko Pangani alikonyongwa Desemba 1889. Nikaanza na hiyo. Nikamwandika Abushiri, nikamwandika Bwana Heri wa Saadani, nikaeleza watu wa pwani walivyoinuka mwaka 1888 Wajerumani walipokuja kuishika miji yao. Hata Kiingereza siku hiyo kilinikubali, sentensi zinakuja zenyewe. Nilipoinua macho ukutani ilikuwa saa tatu na robo, na tulianza saa mbili.

Yaani saa nzima na robo kwa alama 15! Na swali lilitaka sababu za kushindwa, mimi nimesimulia vita. Tulipoambiwa tuweke kalamu chini, insha ya pili sijaigusa, na maswali mawili ya sehemu B hayana hata neno. Jumla alama 33 nimeziacha, na majibu mengi nilikuwa nayajua. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Muda niliokuwa nautafuta usiku, miguu majini, nilikuwa naumwaga mchana ndani ya pepa.

Mama anauza vitumbua, na kabla ya shule mimi ndiye msaidizi wake. Chuma chake kina mashimo saba. Anamimina la kwanza, la pili, anazunguka, akifika la saba kile cha kwanza kimeshakauka pembeni, anakigeuza. Kikigoma hakichokonoi. Anakiruka, anageuza vingine, akirudi mara nyingi kimeshaachia chenyewe. Nimeviona vitumbua hivyo maisha yangu yote, lakini asubuhi moja baada ya moko ndipo nilipoviangalia kweli. Nikamwambia, "Mama, hivi ndivyo nitakavyofanya mtihani." Akasema, "Sawa mwanangu, geuza hicho kinaungua."

Nikakaa na kalamu. Pepa inaanza saa 2:00 asubuhi. Sehemu A niitoke saa 2:25. Sehemu B dakika 15 kila swali, niitoke 3:55. Insha dakika 25 kila moja, inafika 4:45. Zinabaki dakika 15 za kurudia nilivyoviruka. Nyakati tatu tu, nikawa nazisema njiani nikienda shule. Muda wa swali ukiisha naliacha hapo lilipo, naacha nusu ukurasa wazi, nasonga. Kwenye insha dakika tatu za kwanza naorodhesha hoja kwa penseli, la sivyo Abushiri angenivuta tena. Hisabati ina maswali kumi ya alama sita na manne ya alama kumi, nikayapa dakika kumi na dakika 16.

Mitihani ya miaka ya nyuma nilitoa kopi steshenari ya kule Ngamiani, sijui elfu mbili, sijui tatu. Jumamosi saa mbili kamili nakaa mezani, saa ya ukutani ya mama mbele yangu, wadogo zangu wamefukuzwa uani. Mara ya kwanza nilizidisha dakika 40 na nikaona haiwezekani. Kufika ya tano nikawa namaliza. Msiishie kusoma majibu ya mitihani hiyo, ifanyeni kwa saa.

Usiku saa nne nalala. Naamka na adhana, nikishaswali nasoma saa moja nzima kichwa kikiwa chepesi, ndipo naenda jikoni.

Novemba mvua za vuli zilitukuta katikati ya mitihani. Siku za pepa mbili, ya asubuhi inaisha saa tano na ya mchana inaanza saa nane. Wenzangu walibaki chini ya mwarobaini wakibishana nani kapata jibu gani, wengine wakarudi chumbani macho mekundu. Mimi nilikuwa naondoka. Nakula, naswali adhuhuri, najinyoosha dakika ishirini, narudi. Ya asubuhi huwezi tena kuigusa.

Pepa ya Historia ya mtihani wa taifa niliimaliza saa 4:40, insha zote mbili zimekamilika. Sijawahi kusikia raha kama ile. Januari matokeo yakatoka: divisheni wani, pointi 15, Historia B.

Mwaka huu mdogo wangu ndiye yuko kidato cha nne. Juzi usiku nimemkuta sebuleni, beseni limejaa, mjomba amepita. Nikamwaga maji uani, nikaliegemeza beseni ukutani, nikamwandikia zile nyakati tatu nyuma ya daftari lake. Saa nne alikuwa amelala.