Pete za fimbo ya spiningi zifuate rili yako, chati ya mtu iache

Wadau, kuna swali linajirudia sana inboksi toka kwa watu wanaotaka kujitengenezea fimbo ya kuvulia wenyewe: nikishapata blanki (ule mti mtupu wa fimbo), pete zile zinazopitisha mshipi naziweka wapi? Halafu wanaomba chati. Chati zipo kibao mtandaoni, ila ile chati imepigwa kwa blanki nyingine na rili nyingine, ukiinakili tu umevaa kiatu cha mtu. Ngoja nieleze navyopanga mimi, tuchukue fimbo ya futi 9 (kama sm 270 hivi) ya kurushia jigi na popa (chambo bandia, jigi la chuma linazama, popa inarukaruka juu ya maji) toka kwenye miamba huku Kigamboni, unamtafuta kolekole, rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) saizi 4000, mshipi wa kusuka.

Kwanza uelewe kinachotokea ukirusha maana kila kitu kinatoka hapo. Spuli ya rili ya spiningi, ile bobini unapokaa mshipi, haizunguki wakati wa kurusha, imesimama tu, mshipi ndo unachomoka pale mdomoni mzunguko baada ya mzunguko, kwa hiyo unatoka umetanuka na una kasi ya hatari. Kazi ya pete za mwanzo ni kuubana ule mzunguko kidogo kidogo mpaka mshipi unyooke, na kutoka hapo pete ndogo zinaupeleka tu hadi nchani. Sehemu unaponyooka mi naiita shingo, na shingo ndo natafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna kanuni wanatumia watengenezaji wengi: pima kipenyo cha spuli kwa milimita, zidisha mara 27, jibu ndo umbali kutoka mdomo wa spuli mpaka pete ya shingo. Spuli yangu ina mm 52, mara 27 unapata 1404, yaani sm 140. Kwenye fimbo hii mdomo wa spuli unaangukia sm 65 kutoka kitakoni, kwa hiyo shingo inakaa kwenye sm 205, na mbele yake zinabaki sm 65 za ncha. Unaona sasa kwa nini chati haifai, ukiweka rili yenye spuli ndogo au ukisogeza kiti cha rili kidogo tu kwa ajili ya urefu wa mkono wako, shingo nayo inahama.

Pete ya kwanza iwe na ukubwa wa karibu nusu ya spuli, hapa inatosha namba 25 (namba ni kipenyo cha duara la pete kwa milimita), yenye miguu mirefu ili ikae chini mbali na fimbo. Naanza kuijaribu kwenye sm 75 kutoka mdomo wa spuli, halafu inafuata pete namba 16, halafu namba 10, halafu ile ya shingo namba 7. Funga rili, piga jicho toka nyuma kwenye spuli, pete zote zionekane moja ndani ya nyingine. Kuanzia shingo zote zinazofuata ni namba 7, usiende ndogo zaidi kama unafunga lida nene (kipande cha mshipi mnene kinachoungwa mbele ya ule wa kusuka), fundo lazima lipite bila kugonga. Idadi? Watu wanasema futi za fimbo ujumlishe moja, kwa futi 9 unapata kumi pamoja na ile ya nchani, ni mahali pazuri pa kuanzia ila fimbo yenyewe ndo itasema.

Na inasemea kwenye kupindwa. Pete usizifunge uzi bado, zibane na vimpira. Mpira wa valvu ya baiskeli ukiukata vipande vyembamba unabana vizuri mno kule nchani, huku kwenye unene tumia vipande vya tyubu. Bana kitako cha fimbo mezani, pitisha mshipi kwenye pete zote, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu, halafu simama pembeni uangalie. Kwenye spiningi pete ziko chini, fimbo ikipinda mshipi unakuwa upande wa ndani wa pinde, kwa hiyo haugusi fimbo hata pete zikiwa chache, na hapo ndo wengi wanaridhika mapema. Angalia ule mwanya kati ya mshipi na fimbo. Mahali ambapo mshipi unakata njia ya mkato na kuiacha fimbo mbali, pete zimeachana mno, mzigo unaangukia sehemu moja na samaki mzito atakuonesha. Sogeza, angalia tena. Pale inapopinda sana zikaribiane, kuelekea kwenye shingo ziachane. Mi huwa naishia na sm 10 kutoka nchani hadi pete inayofuata, halafu 10 na nusu, 11, hivyo hivyo zinaongezeka hadi shingoni.

Ukitoka hapo usikimbilie uzi, nenda ufukweni maji yamekupwa, funga risasi ya uzito ule ule wa jigi lako, bila ndoana, urushe. Sikiliza. Ukisikia mshipi unapiga fimbo pa-pa-pa kati ya rili na pete ya kwanza, isogeze hiyo pete mbele sm mbili tatu urushe tena, mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Na jaribu siku yenye upepo jamani, siku shwari kila mpangilio unaonekana mzuri. Kusi ikivuma inausukuma mshipi ubavuni, unalegea, na ndo vile vifundo vya ajabu vinazaliwa kwenye pete ya kwanza na ya pili. Mpangilio ukivumilia kusi, weka alama na penseli nyeupe.

Kufunga siongezi mengi. Miguu ya pete uinoe iwe myembamba kabisa mwishoni ili uzi upande bila kuruka, anza kuzungusha kwenye fimbo ukielekea pete, usikaze kupita kiasi maana unatakiwa bado uweze kuisukuma kidogo ikae mstari mmoja na zingine. Ya nchani ibandike na gundi ya moto ile ya kijiti, siku ikivunjika unaipasha tu inachomoka. Fimbo ya vipande viwili, pale kwenye maungio kipande kinachopokea kifungwe uzi pia kisije kikapasuka.

Pete zenyewe usibane hela hapo, mshipi wa kusuka ukishachanganyika na chumvi na mchanga ni msumeno, unachimba mfereji kwenye pete laini. Chukua zenye SiC, yaani silikoni kabaidi, ile kauri ngumu. Na kabla hujafunga hata moja pitisha pamba ya masikio ndani ya kila pete mzunguko mzima, nyuzi zikinasa popote hiyo ina ufa, irudishe dukani.