Nakala Tatu

Mwezi wa Agosti 2001 nilipangiwa safari ya kuzunguka Ziwa Victoria katika meli ndogo ya utafiti iliyobeba wataalamu wa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa lengo la kukadiria wingi wa samaki waliokuwamo ziwani. Nilikuwa mdogo kuliko wote kwa umri na kwa cheo, na kazi niliyopewa ilikuwa ya mdogo: mchana kusoma urefu wa kila samaki kwenye ubao wa kupimia na kuutaja kwa sauti, usiku kujaza fomu. Fomu hizo ndizo chanzo cha kumbukumbu hii, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa nasi aliagiza kila moja iandikwe nakala tatu, moja kwa kila nchi, na ziwe zimekwisha kugawiwa kabla ya watu kulala.

Sisi vijana tuliona ni usumbufu mtupu. Takwimu za mashine zilikuwa zikihifadhiwa kwenye kompyuta, na mwisho wa safari zingepelekwa zote Jinja, kwenye makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba ambao nchi zetu tatu zilitia saini mwaka 1994. Kulikuwa na haja gani ya kukaa chini ya taa hadi usiku wa manane, vidole vikiwa vyeusi kwa wino wa karatasi za kaboni, huku wadudu wa ziwani wakituangukia kwenye fomu kwa mamia?

Mzee hakuwa mtu wa kueleza amri zake, na sababu niliipata kwa mpishi wa meli, aliyemfahamu kwa miaka mingi. Alipokuwa kijana, mzee alifanya kazi Jinja katika shirika la utafiti wa uvuvi wa maji baridi la Afrika Mashariki, lile lililojulikana kwa kifupi kama EAFFRO, wakati ambapo ziwa lote lilichunguzwa na taasisi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila kilichokuwa mahali fulani kilibaki hapo hapo: meli, vitabu, darubini, chupa za samaki waliohifadhiwa, na madaftari ya miaka chungu nzima. Mzee alirudi nyumbani na sanduku la nguo. Madaftari yake ya kazi yalibaki Jinja, na taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania iliyokuja kuwa mwajiri wake, TAFIRI, ilianzishwa mwaka 1980 bila hata kurasa chache za kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Hakuna aliyemnyang'anya, mpaka ulikuwa umefungwa tu.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mmoja. Katika uchunguzi wa mwaka 1969 hadi 1971, uliofanywa kwa meli iitwayo Ibis, furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, walionekana kuwa kama asilimia 80 ya samaki waliokuwa karibu na sakafu ya ziwa. Katika miaka iliyofuata sangara, samaki wakubwa walao wenzao waliopandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, waliongezeka kwa kasi ya ajabu na furu wakatoweka sehemu nyingi. Badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya ziwa lile lilitokea hasa katika miaka ambayo kila nchi ilikuwa ikipima kipande chake peke yake, kwa nyavu zake na kwa utaratibu wake. Ndiyo maana mpaka leo, anayetaka kujua kwa tarakimu jinsi mambo yalivyokwenda mwanzoni mwa miaka ya 1980 huokota vipande kutoka sehemu tatu, na vipande hivyo havilingani.

Safari yetu ilikusudiwa kuondoa kasoro hiyo. Tangu Agosti 1999, kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ziwa lilikuwa likipimwa kwa mwangwi, likichukuliwa kama kitu kimoja, katika misimu miwili. Mwezi wa Februari maji huwa yamejipanga tabaka, ya juu yenye joto na ya chini yenye hewa kidogo, na samaki hukimbia vilindi. Mwezi wa Agosti, baada ya pepo za kusini kuyachanganya, hewa hufika chini nao husambaa. Anayepima msimu mmoja tu anaweza kudhani samaki wamekwisha, kumbe wamehama kina.

Mashine ya mwangwi hutuma chini mlio ambao sikio la binadamu haliusikii, wa kilohezi 120, unaokwenda majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, na unapomkuta samaki sehemu yake hurudi. Kinachourudisha zaidi ni kifuko cha hewa kilicho ndani ya samaki, kile ambacho kwa sangara wafanyabiashara wa mialoni hukiita bondo, hukikausha na kukiuza hadi Hong Kong kwa bei inayowashinda wavuvi kuelewa. Kwa mfanyabiashara bondo ni mali. Kwetu lilikuwa kioo cha sauti. Tatizo ni kwamba mashine haimtambui samaki kwa jina. Kundi la dagaa na kundi la furu wadogo huweza kuchora wingu lile lile kwenye skrini, kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani ilitubidi tushushe wavu wa kukokota, tuuvute kwa winchi, tumwage samaki kwenye sitaha na kuwahesabu.

Kabla ya yote hayo mashine yenyewe ilipaswa kupimwa. Tulitia nanga nyuma ya kisiwa, mahali palipokingwa na upepo, tukaning'iniza chini ya meli gololi ya shaba yenye kipenyo cha milimita 23 kwa mishipi mitatu ya kuvulia, maana nguvu ya mwangwi wa gololi ya namna hiyo inajulikana na mashine hurekebishwa mpaka ikubaliane nayo. Ni kazi ya kuchosha kupita kiasi. Mmoja huvuta mshipi kidogo, mwingine hulegeza, wa tatu hukodolea macho skrini, kisha meli hujigeuza kwa upepo na gololi hupotea. Siku ile mishipi ilishikwa na Mganda, Mkenya na mimi, na sote tulitia saini karatasi ya matokeo. Niliiona kama urasimu. Baadaye nilikuja kuiheshimu kuliko mikataba mingi niliyoisoma.

Mabishano hayakukosekana, na yalihusu mambo ambayo mtu wa nje angeyacheka. Dagaa apimwe hadi mwisho wa uti wa mgongo au hadi ncha ya mkia? Kila taasisi ilikuwa na mazoea yake na rundo la takwimu za miaka ya nyuma za kuyalinda. Dada kutoka Kisumu, mtaalamu wa umri na ukuaji wa samaki, alikataa katakata kuandika urefu wowote mpaka jambo hilo liamuliwe, na sangara tuliokuwa tumewavuta walikaa juani wakitutazama. Hatimaye tukakubaliana tupime kwa njia zote mbili kwa safari nzima, jambo lililonifanya mimi, msoma ubao, nifanye kazi mara mbili.

Mkasa wenyewe ulitokea tulipokuwa tumekwisha kuvuka mstari wa mpaka katikati ya ziwa. Sitataja ni upande wa nchi ipi, kwani kwa jinsi mambo yalivyokuwa lingeweza kutokea upande wowote. Boti ya doria ilitujia kwa kasi, ikatuamuru tuzime injini, na askari wakapanda. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye adabu, lakini taarifa za safari yetu hazikuwa zimemfikia. Alichoona yeye ni meli yenye bendera ya kigeni, wavu wa kukokota kwenye sitaha, katika maji ambamo uvuvi wa nyavu hizo ulipigwa marufuku, na chombo kinachochora sakafu ya ziwa la nchi yake.

"Afande, hii ni kazi ya serikali zote tatu," nahodha alimwambia, akimwonyesha barua yenye mihuri.

"Barua nimeiona, mzee wangu. Lakini haikuandikwa kwangu."

Mwenzetu mmoja, raia wa nchi ile, alizungumza naye pembeni kwa muda mrefu kwa lugha yao. Bila yeye nadhani tungefungwa kamba na kuburutwa hadi bandarini. Hatimaye afande alituruhusu kuendelea, ila hakutaka kurudi kwa wakubwa wake mikono mitupu. Katika chumba cha nahodha kulikuwa na jalada nene la fomu na disketi za siku zote zilizopita. Alilichukua, akatuandikia hati ya kulipokea, akasema litakaguliwa na kurudishwa. Boti yao ikaondoka.

Tulisimama kimya kwa kitambo. Kisha dada wa Kisumu akashuka chumbani, akarudi na mkoba wake wa turubai, akautua mezani. Ndani mlikuwa na nakala yake, fomu na disketi, zimepangwa kwa tarehe. Mganda naye akaleta yake, iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni. Nakala iliyochukuliwa ilikuwa ya Tanzania. Mzee aliviangalia vile vifurushi viwili, akauliza kama kuna karatasi za kaboni za kutosha kuinakili upya, na alipoambiwa zipo akaagiza tuanze na za mwanzo. Tuliandika usiku ule na usiku uliofuata, na safari hii hakuna aliyenung'unika. Jalada lililochukuliwa lilirudishwa wiki kadhaa baadaye, likiwa kamili, na alama ya kikombe cha chai juu yake.

Hesabu zilipokamilika, zilionyesha jambo ambalo viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Entebbe havikupenda kulisikia. Mnamo Agosti 1999 sangara walikadiriwa kuwa tani milioni 1.59 katika ziwa zima. Mnamo Agosti 2001 walikuwa tani milioni 0.89. Walikuwa wameshuka kutoka karibu asilimia 80 ya samaki wote waliopimwa hadi kama asilimia 40, huku dagaa na wenzao wadogo wakichukua nafasi. Nilihudhuria kikao kimoja ambapo takwimu hizo zilijadiliwa, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma na jalada letu magotini. Mjumbe mmoja alisimama na kutoa hoja ambayo wazee waliniambia wameisikia kwa miaka mingi: kwamba huenda meli haikupita sawasawa katika maji ya nchi yake, na kwamba sangara waliokosekana walikuwa upande wa jirani. Miaka ya nyuma hoja hiyo ingeua kikao, kwa kuwa hakuna ambaye angekuwa na namna ya kuithibitisha wala kuikanusha.

Dada wa Kisumu alifungua nakala yake. Mganda akafungua ya kwake. Nami nikafungua ile tuliyoiandika upya usiku ule na usiku uliofuata, nikasimama nilipoitwa. Tulisoma mmoja baada ya mwingine mistari ambayo meli ilipita katika maji ya nchi ya mjumbe yule, tarehe, kina, na uzito wa samaki katika kila mkokoto, na mtaalamu wa nchi yake mwenyewe akaeleza kwamba saini iliyokuwa kwenye fomu ni yake na kwamba alikuwapo. Mjumbe aliomba aone fomu, akazipekua kwa makini zaidi ya wote waliokuwa ukumbini, akaketi. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali jingine, na kwa kuwa halikuwapo, kikao kikaingia katika ajenda iliyofuata, iliyohusu nani atalipia mafuta ya meli ufadhili utakapokwisha. Hiyo ilichukua muda mrefu zaidi.