Napenda wakati ujao uliochakaa

Filamu ya anga za juu ikianza na chombo kinachong'aa kama sinia la harusi, mimi huingiwa na mashaka mapema. Najiuliza nani anapiga deki mle ndani, nani anapika, na taa ikiungua nani anapanda ngazi kuibadilisha. Filamu isiponijibu, hata kwa alama ya vidole tu ukutani, hunipoteza, iwe imegharimu mamilioni ya dola au vipi.

Mimi ni fundi wa redio, televisheni na gemu, hapa Mlandege, mjini Unguja. Kwetu Wete, Pemba, filamu tulizitazama kwenye banda la video: mabenchi ya mbao, jenereta linanguruma nje, na kanda za VHS zilizonakiliwa mpaka kila mtu kwenye kioo ana kivuli chake pembeni. Unguja walikuwa mbele yetu. Kulikuwa na majumba ya sinema, Majestic pale Vuga, Empire na Cine Afrique, na televisheni ya Zanzibar, TVZ, ilirusha picha za rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Bara televisheni ilifika 1994. Yule papa wa filamu ya Steven Spielberg ya 1975 amepata mpaka njia panda yake Mji Mkongwe, Jaws Corner, na watu wanakunywa kahawa mbele ya picha yake ukutani mpaka leo. Kwa hiyo sinema hapa haikuja jana.

Star Wars ya 1977 ilinikamata kwa sababu vitu vyake vimetumika. George Lucas alitaka hivyo kwa makusudi: roboti zina michubuko, magari yana vumbi la jangwani, na ile Millennium Falcon ni chombo cha mtu asiyekuwa na pesa ya matengenezo. Katika filamu ya pili, ya 1980, kuna pahala injini inagoma na taa zinazimika, nahodha wake Han Solo anaupiga ukuta kwa ngumi na zinawaka. Mimi nafanya kazi hiyo kila siku. Televisheni ikiwaka kwa kupigwa kofi, ujue kuna pahala lehemu imepasuka ndani, na ngumi imezigusanisha ncha mbili kwa muda. Aliyeandika pahala pale alikuwa anajua mashine.

Alien ya Ridley Scott, ya 1979, ndiyo naiweka juu kabisa. Wengi huikumbuka kwa lile dude linalotoka kifuani. Mimi naikumbuka kwa meza ya chakula. Nostromo ni chombo cha kukokota mzigo, na wafanyakazi wake wakishaamka tu, Parker na Brett, mafundi wa chini, wanaanza kudai kwamba mgao wao ni mdogo kuliko wa wengine. Ami yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo na hakuwa na hamu na mambo ya sayari. Siku niliyomwekea filamu hii alikaa ukingoni mwa kochi, tayari kuondoka. Waliposhika mazungumzo ya mgao akarudi nyuma akakaa vizuri, akasema, "Hawa mabaharia kweli hawa." Aliitazama mpaka mwisho, na alipoona kampuni imeshaamua kuwatoa mhanga wafanyakazi ili ipate kiumbe, hakushangaa hata kidogo.

Stanley Kubrick namheshimu. Filamu yake ya 1968, 2001: A Space Odyssey, imeshika fizikia sawasawa: gurudumu linazunguka ili watu wapate uzito wa kusimama, na nje ya chombo hakuna mlio kwa sababu hakuna hewa ya kuubeba. Lakini binadamu wake nawaona wageni mle ndani. Hakuna aliyeacha kikombe juu ya meza.

Kwenye gemu hukumu yangu ni ile ile. Gemu nzuri ina mkono wa mtu ndani yake. Chukua Space Invaders ya 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Wale wadudu wanashuka polepole, na kila ukiwapunguza waliobaki wanazidi mbio mpaka moyo unakudunda. Sababu ni kwamba prosesa ya wakati ule ilikuwa dhaifu. Wadudu wakiwa wengi ililemewa kuwachora wote, wakipungua inapata nafasi na kukimbia. Nishikado aliona hali hiyo akaiacha ilivyo. Hofu yote ya mchezo ule imetoka kwenye udhaifu wa mashine. Au ile siri ya vitufe ya gemu ya Contra tuliyoijua sote kwa vidole kabla hatujajua jedwali la saba: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, 1986, alipokuwa akiihamisha Gradius kwenye mashine ya Nintendo. Mchezo ulimshinda kwa ugumu, akajiwekea njia ya mkato ili aweze kuukagua, na njia ile ikabaki ndani. Mtoto wa Wete aliyeongeza maisha kwenye Contra alikuwa anatumia kifaa cha kazi cha fundi wa Japani.

Mashine tulizochezea hazikuwa za Nintendo, zilikuwa za kuigiza, zimeletwa kupitia Dubai, na kaseti yake imeandikwa juu kwamba ina michezo 9999 wakati ukihesabu ni michache inayorudiwa kwa majina tofauti. Bado wanazileta kwangu. Juzi kijana kaja na kaseti ya babake, kanambia, "Ami, hii imekufa, nimeipuliza mpaka nimechoka." Nikamwambia kupuliza ndiko kunakoiua. Nintendo wenyewe wamekataza, kwa sababu pumzi ina unyevu na unyevu unakula ile midomo ya shaba inayogusana na mashine. Na hapa kwetu juu ya pumzi kuna upepo wa bahari wenye chumvi. Niliifungua mbele yake. Midomo ilikuwa imeota kijani kama nusu yake. Unachukua pamba kwenye kijiti, unaichovya kwenye spiriti, unasugua kufuata urefu wa mdomo na si kukata upana, pamba ikitoka nyeusi unabadilisha, mpaka itoke nyeupe. Tukaiweka, ikawaka. Kaseti ya umri ule inafufuka kwa chupa ya spiriti. Gemu nyingi za siku hizi zimefungwa kwenye seva ya kampuni, na siku kampuni ikizima seva, hakuna fundi duniani wa kukusaidia. Hili linanikera kwa dhati. Mtu amenunua kwa pesa yake, halafu hana alichonunua.

Na sasa vitu vya kukusanya, ambapo nagombana na watu zaidi. Wako wanaonunua sanamu ndogo za filamu na kuziacha kwenye boksi lisilofunguliwa, wakingoja bei ipande. Najua soko lao. Kenner wa Marekani, waliopewa haki ya kutengeneza vichezeo vya Star Wars, walizidiwa na mahitaji mwaka 1977, Krismasi ikafika hawana cha kuuza, wakauza bahasha ya karatasi ngumu yenye cheti ndani: lete cheti, sanamu nne utapata mwakani. Watu walinunua. Leo bahasha ile nayo inatafutwa. Najua pia kwamba yule Jawa wa mwanzo, kijitu cha jangwani, alivaa joho la plastiki, kisha wakabadilisha wakampa la kitambaa, na tofauti ya bei kati ya joho na joho inatisha.

Lakini Luke wangu, yule shujaa wa Star Wars, hana boksi. Ami alimnunua mnadani Liverpool, akaniletea ndani ya soksi ili asivunjike njiani. Kimo chake hakifiki sentimita kumi. Upanga wake umo ndani ya mkono wa kulia, unausukuma kwa kijipini unachomoza, na ni wa njano ingawa kwenye filamu ni wa buluu. Ncha yake nyembamba ilikatika kabla hajafika kwangu. Kuna mtoto wa Kiingereza alishapigana naye vita. Nywele zimekwanguka rangi, goti moja limelegea. Wapwa zangu wanamchezea mpaka leo, na hakuna bei ninayoweza kutajiwa nikamtoa.

Atakayeniona mjinga amtazame mtoto wetu wa Mji Mkongwe, Freddie Mercury, aliyezaliwa hapa 1946. Huyu si mgeni katika mambo haya: bendi yake ya Queen ndiyo iliyotia muziki kwenye filamu ya Flash Gordon ya 1980. Utotoni alikusanya stempu, kama babake aliyekuwa mfanyakazi wa serikali hapa. Albamu yake ya stempu iliuzwa mnadani 1993, ikanunuliwa na Posta ya Uingereza, na leo imo katika makumbusho ya posta London. Stempu zenyewe ni za kawaida. Kinachowavuta watu ni jinsi mtoto alivyozipanga. Thamani imetoka kwenye mkono uliozigusa.

Kwa sababu hiyo hiyo sikubali kuzing'arisha mashine zangu za zamani. Plastiki ya kijivu hugeuka njano kwa jua na joto, inasemekana kutokana na dawa walizochanganya ili isishike moto, na siku hizi kuna mtindo wa kuipaka haidrojeni peroksaidi irudi kama mpya. Mteja akitaka nitamfanyia. Yangu imebaki ya njano.

Sasa nije nyumbani. Mpenzi wa hadithi za sayansi hapa Zanzibar ana haki ya kujua kwamba kisiwa hiki kimo ndani yake tangu mwanzo. Jules Verne, katika riwaya yake ya puto ya 1863, aliwarusha wasafiri wake watatu kutoka hapa, kwenye kisiwa kidogo alichokiita Koumbeni, wakavuka Afrika mpaka Senegali. Haidrojeni ya kulijaza puto ameieleza kwa makini sana: chuma, asidi ya salfuriki, mapipa. Watu wa Zanzibar hakuwaeleza kwa makini. Kwake ni umati unaopiga kelele kwamba jua na mwezi vitadhurika. Mji uliokuwa na manahodha wanaosoma nyota kuvuka kwenda Uarabuni na Bara Hindi, unaandikwa kwamba unaogopa mwezi! Kisha 1968 John Brunner akaiweka Zanzibar kwenye jina la riwaya yake kubwa, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Sababu yake ni kipimo: alikisia kuwa ikifika 2010 tutakuwa bilioni 7, na binadamu wote wakisimamishwa bega kwa bega wangejaa kisiwa hiki. Hesabu ya watu alikaribia sana. Ila hadithi yenyewe iko Marekani na katika nchi alizozibuni. Sisi ni futikamba tu ya kupimia wengine.

Namshukuru zaidi mwandishi wa kipindi cha kwanza cha Star Trek, mfululizo wa televisheni wa Marekani, kilichorushwa Septemba 1966. Kuna kiumbe anayekula chumvi ya miili ya watu na kujigeuza sura. Anapomwendea Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, anajigeuza baharia mweusi na kumsemesha Kiswahili, kwa kuwa ndicho kitakachomlegeza moyo. Sekunde chache tu, lakini Uhura ana kwao.

Waliolimaliza jambo hili ni wa pwani hii na jirani zake. Katama Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya, mwaka 1995 aliandika Walenisi, ambamo Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo na kurushwa, na badala ya kufa anafika kwenye ulimwengu mwengine wenye haki kuliko alikotoka. Wanaolalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya za namna hii wengi hawajaifungua. Na Wanuri Kahiu wa Nairobi alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya 2009, kuhusu mji uliofungiwa baada ya vita vya maji. Kila tone linarudishwa: jasho, mkojo, lile la kunawia. Dada anayesafisha vyoo anashika chupa yake kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kupanga madumu mferejini usiku ataielewa hapo hapo. Wakati ujao ule una watu ndani yake.

Na wakati ujao wa kweli tulikuwa nao hapa hapa. Tunguu, njia ya Chwaka, Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, mradi wao wa kupeleka binadamu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, aliposhika Afrika alizungumza na Kano, Nigeria, kisha na Zanzibar. Chombo kilipita juu yetu kwa dakika chache, kikateremka upeo wa macho, kikapokewa na meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Kulikuwa na maandamano kabla yake, kwa waliohofia kuwa ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali mpya iliwataka waondoke, wakafunga wakaenda.

Kituo kama kile hakiendeshwi na Wamarekani peke yao. Walikuwapo madereva, walinzi, wapishi, waliochimba mitaro ya nyaya, na vijana waliochungulia kwenye uzio. Nimeuliza wazee wa pande zile kila nipatapo nafasi, na hawa ndio ninaotaka kusoma riwaya yao, iandikwe na mtu wa hapa. Katika mkusanyiko wangu wote sina kitu hata kimoja cha Tunguu. Kama mzee wenu alifanya kazi pale na akaacha kitambulisho, valvu, mkebe wa vifaa, picha, au kipande cha karatasi ya teleprinta, tafadhali msikiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nipatieni nafasi nikione. Hata msipotaka kukitoa, naomba nikipige picha na mnielezee kilikuwa kinafanya kazi gani na nani alikishika.