Siku moja barabara ya Mandela, na nafasi ninayoiacha mbele

Saa 10 alfajiri. Naangalia maji, oili na upepo wa matairi, naiwasha Kosta, daladala ninayoendesha hapa Dar es Salaam. Ruti yetu ni Mbezi–Tandika, na hesabu ya tajiri, fedha ya kila siku ya mwenye gari, haisubiri jua.

Saa 12 asubuhi. Ubungo tunapita vizuri. Walioanza udereva baada ya Februari 2021, Daraja la Kijazi lilipofunguliwa na ngazi zake tatu, hawajui tulikotoka. Kwenye mataa yale niliwahi kuzima injini, nikanunua karanga, nikazimaliza, na upande wetu bado haujaruhusiwa.

Saa 1 na nusu. Kituo cha External, foleni imeshika mpaka Tabata. Mwaka jana kijana mmoja wa siti ya mbele alinionyesha video ya Wajapani: magari 22 kwenye duara la mita 230. Hakuna taa, hakuna trafiki, hakuna kituo. Waliambiwa tu waende mwendo mmoja. Mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, mwingine akasimama kabisa, na foleni ikawa inarudi nyuma kama wimbi. Nikamwambia, mdogo wangu, hii ni Mandela kabisa.

Tangu siku hiyo naacha mbele yangu nafasi ya kama magari mawili, gia ya pili, mguu mbali na breki. Nikikanyaga breki kwa nguvu Tabata, kuna mtu kule nyuma Riverside anasimama bila kujua kwa nini. Abiria wanalalamika. Leo mama mmoja kasema, "Suka, mbona unaacha kila mtu anachomekea?" Nikamjibu, "Waache waingie, mama yangu. Tukigombania hapa tunasimama wote." Bodaboda wanaingia, bajaji zinaingia, na sisi bado tunatembea.

Wanaoniumiza ni wanaotanua. Mtu anapita pembeni kwenye vumbi, anakutana na mtaro, anarudi barabarani kwa nguvu, msururu mzima unakanyaga breki. Na wanaoziba makutano! Buguruni, mbele kumejaa, mtu anajitumbukiza kwa kuwa taa ni ya kijani. Ikigeuka nyekundu yupo katikati, wa barabara ya Uhuru hawapiti, na gari moja limefunga pande zote. Mimi kama ng'ambo hakuna nafasi sivuki mstari, hata taa iwe ya kijani. Honi zinalia nyuma. Konda wangu zamani alikuwa anaona aibu. Siku hizi anashuka mwenyewe kuwaeleza wa nyuma.

Saa 7 mchana. Tandika. Wali maharage, usingizi wa nusu saa kwenye siti.

Saa 11 jioni. Tazara. Daraja la Mfugale, tangu 2018, linawavusha juu wa barabara ya Nyerere. Sisi wa Mandela tunabaki chini na mataa, pamoja na malori ya bandarini. Lori lenye kontena likisimama kabisa, kuondoka tena ni kazi nzito. Nikiliachia nafasi lijikokote bila kusimama, ninayefaidika ni mimi niliye nyuma yake.

Saa 4 usiku. Hesabu imetimia, konda kapata chake. Napitia gereji, fundi anavua tairi la mbele kuangalia pedi za breki. Anaimulika moja kwa tochi, anaigeuza.

"Hizi si ndizo tulizofunga kabla ya Ramadhani?"

"Ndizo."

Anazirudisha.