Feni iliyoingia kwenye sauti ya mzee

Mwezi Novemba mwaka juzi nilimkaribisha nyumbani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, mzee mmoja mkulima wa zabibu kutoka Hombolo. Nilimketisha mezani mbele ya maikrofoni, naye akanieleza kwa dakika 40 namna anavyopogoa mizabibu yake, kwa utulivu wa mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Kwa kuwa natengeneza vipindi vifupi vya sauti na video kwa ajili ya wakulima, nilikuwa nimejiandaa vizuri: nilifunga madirisha ili bodaboda zisisikike, nikazima pangaboi, nikamwomba jirani apunguze redio. Usiku, nilipovaa vipokea sauti ili nisikilize kazi ya siku hiyo, nilikuta kuanzia dakika ya 6 kuna mvumo nyuma ya maneno ya mzee, unaopanda, unashuka, kisha unapanda tena. Ilikuwa feni ya kompyuta yangu.

Mvumo wa aina hiyo ni mbaya kuliko kelele ya kudumu. Programu ya Audacity, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa sababu ni ya bure, huondoa kelele kwa kuchukua kwanza sampuli ya kelele yenyewe, kisha kuitafuta na kuipunguza katika rekodi nzima. Kelele isiyobadilika huondoka vizuri. Feni inayobadili mwendo kila baada ya nusu dakika haina sampuli moja inayoiwakilisha, na ukilazimisha, programu huanza kula sauti ya mtu, hasa herufi za s na sh, hadi msemaji anasikika kana kwamba anazungumza akiwa ndani ya debe. Nilijaribu mara nne, kisha nikaacha.

Kompyuta hiyo nilikuwa nimeinunua miezi 3 kabla, na nilipoinunua nilikuwa na kigezo kimoja tu, nacho ni nguvu. Ile niliyokuwa nayo awali ilikuwa na prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, ya Intel Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, yenye viini 4 (sehemu zinazogawana kazi) na iliyokusudiwa kutumia wati 15. Ilikuwa taratibu katika kutoa video, yaani kuigeuza video iliyohaririwa kuwa faili moja la kutazamwa, lakini haikuwahi kunisumbua kwa kelele. Hiyo mpya ilikuwa ya kundi la prosesa za wati 45, zile zinazowekwa kwenye kompyuta mpakato za wahariri wa video na wachezaji wa gemu. Muuzaji alinitajia viini na kasi ya juu kabisa. Mimi sikumuuliza swali hata moja kuhusu joto, naye hakuwa na sababu ya kulileta mwenyewe.

Idadi ya wati inayotajwa katika kundi hilo haielezi hali yote. Intel Core i7-12700H ya mwaka 2022, kwa mfano, huandikwa wati 45, lakini kwa muda mfupi inaruhusiwa kupanda hadi wati 115. Hizo zinakaribia wati za balbu mbili za zamani za wati 60, zile zenye waya ndani, ambazo ukizigusa zikiwa zimewaka huunguza vidole. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hugeuka kuwa joto, na joto hilo lazima litoke ndani ya boksi jembamba kama daftari, kupitia bomba dogo la shaba na tundu la upana wa vidole vinne.

Ugumu zaidi unatokana na namna kasi inavyopatikana. Umeme unaotumiwa na prosesa huongezeka sambamba na kasi yake, lakini huongezeka pia kwa mraba wa volti, na ili prosesa iende kasi zaidi ni lazima iongezewe volti. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya kasi, ile inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ndiyo inayogharimu umeme na joto kupita kiasi. Ukiikubali hasara ndogo ya kasi hapo juu, unapata nafuu kubwa ya joto. Laiti ningelielewa hilo dukani, ningelinunua kompyuta nyingine.

Kisha kuna suala la mahali tunapoishi. Kifaa cha kupoza hakishushi joto hadi kiwango maalumu. Kinachofanya ni kuiweka prosesa nyuzi kadhaa juu ya hewa ya chumba. Kompyuta inayofika nyuzi 80 katika ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 itafika karibu nyuzi 90 katika chumba cha nyuzi 32 ikifanya kazi ileile kwa mwendo uleule wa feni. Hapa Dodoma, Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, nyuzi 31 mchana ni jambo la kawaida, na chumba kilichoezekwa bati bila dari huzidi hapo. Tena mji wetu uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa hiyo ina uzito mdogo zaidi na hubeba joto pungufu. Tofauti yake ni ya nyuzi chache tu, ila inajumlishwa juu ya joto la chumba. Nami kwa mikono yangu nilikuwa nimefunga madirisha na kuzima pangaboi ili nipate ukimya, nikakiongezea chumba joto, na feni ya kompyuta ikaongeza bidii. Ukimya nilioutafuta ndio ulioleta kelele.

Feni nayo ina kanuni zake. Ukizidisha mwendo wake mara mbili, hewa inayopita huwa mara mbili, lakini nguvu inayohitajika kuizungusha huwa mara nane, na kelele hupanda kwa takriban desibeli 15. Sikio la binadamu husikia ongezeko la desibeli 10 kama kelele iliyozidi mara mbili. Ndiyo maana feni ikiwa katika mwendo wa chini unaisahau kabisa, na ikifika mwendo wa juu mtoto aliyelala chumba cha pili anageuka kitandani.

Wiki iliyofuata nilichukua video moja ya dakika 20 na kuitoa mara tatu, kila mara baada ya kuiacha kompyuta ipoe kwa saa nzima. Mara ya kwanza niliiruhusu nguvu zote: ilimaliza kwa dakika 14, prosesa ikagusa nyuzi 97, na feni ilisikika hadi sebuleni. Jambo lililonishangaza ni kwamba kasi ya juu ilidumu kwa dakika mbili tu za mwanzo. Baada ya hapo prosesa ilianza kujipunguza yenyewe ili isiungue, na ikaendelea hivyo hadi mwisho. Mara ya pili nilitumia hali ya utulivu iliyomo katika programu ya mtengenezaji, ambayo huibana prosesa isipande wati nyingi: dakika 17, nyuzi 76, na feni ya kusikika mezani pekee. Mara ya tatu niliingia katika mipangilio ya umeme ya Windows, kwenye sehemu inayoweka kiwango cha juu cha prosesa, nikakishusha kutoka asilimia 100 hadi 99. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini kwenye kompyuta nyingi ndilo linalozima kasi ya ziada. Ilichukua dakika 21, joto likabaki nyuzi 68, na ilinibidi nisogeze sikio ili niisikie feni.

Dakika 3 ndizo zilizotenganisha jaribio la kwanza na la pili. Dakika 3 ni muda wa kuteleka maji ya chai, na kwa ajili yake nilikuwa nimeipoteza sauti ya mzee aliyepanda daladala kutoka Hombolo.

Hata hivyo, si joto lote lililokuwa la prosesa. Mwezi Mei niliipeleka kompyuta kwa fundi mmoja mjini, kijana makini, ambaye alifungua skrubu za chini na kunionyesha kitu ambacho sijakisahau. Mbele ya tundu la kutolea hewa kuna vibati vyembamba vya kupoza, vilivyopangwa kwa kubanana kama kurasa za kitabu. Kati ya vibati hivyo na feni kulikuwa na ukanda wa vumbi uliogandamana, mwekundu wa udongo wa hapa kwetu, mzito kama kipande cha blanketi. Aliuinua kwa kibanio, ukatoka mzima mzima, ukiwa na umbo la tundu lenyewe. Feni ilikuwa ikipuliza ukuta.

"Kaka, hii ulikuwa unaitumia kitandani?" aliniuliza. Nilikiri kwamba nyakati za jioni niliiweka juu ya godoro, ambako matundu ya chini hufyonza vumbi la shuka na kuzibwa na kitambaa kwa wakati mmoja. Alisafisha kwa brashi laini na blowa ndogo, akiwa ameishika feni kwa kidole ili isizungushwe na upepo kupita mwendo wake, jambo linaloweza kuharibu beringi zake. Kisha akafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kibati cha shaba, akapaka mpya kiasi cha punje ya dengu. Wapo watu wanaopeleka kompyuta zao kwa wajaza upepo wa matairi. Nawasihi wasifanye hivyo, kwani pampu zile hutoa maji pamoja na upepo, na nguvu yake ni kubwa mno. Niliporudi nyumbani nikarudia jaribio la pili, joto lilikuwa nyuzi 67 badala ya 76. Najua Mei ni baridi kuliko Novemba, kwa hiyo siwezi kulipa vumbi sifa zote, lakini feni ilikuwa imetulia kuliko nilivyoisikia tangu wiki ya kwanza ya kununua.

Wadogo zangu na majirani wanaoniuliza kuhusu kuboresha kompyuta zao huanza na prosesa, wakati kwenye kompyuta mpakato nyingi prosesa imechomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na haibadilishiki. Wenye kompyuta za zamani nawaambia waanze na diski. Kuondoa diski inayozunguka na kuweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, hata ile ya kawaida ya kiunganishi cha SATA inayosoma megabaiti 550 hivi kwa sekunde, huigeuza kompyuta kabisa, na haileti joto la kutajwa wala kelele yoyote; kinyume chake, inaondoa mlio wa diski yenyewe. SSD za NVMe, aina ya kisasa zaidi, zina kasi mara nyingi zaidi ya hiyo, lakini zile za kasi kubwa nazo hupata moto, na zikizidiwa hujipunguza kama prosesa inavyojipunguza, kwa hiyo kwa mtu anayeandika ripoti na kufungua kurasa za intaneti sioni sababu ya kulipia tofauti hiyo. Baada ya diski ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi zilizofunguliwa. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 au 8 ikielemewa huanza kuhamisha kazi kwenda kwenye diski na kuzirudisha, na mtumiaji hudhani prosesa imechoka. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba ina nafasi ya kuongezea. Kompyuta nyembamba za siku hizi mara nyingi zimechomelewa RAM pia.

Njia ya kuikwepa feni kabisa ipo. MacBook Air ya Apple yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni hata moja, na kwa kazi ya kurekodi sauti sijui faraja inayozidi hiyo. Haivuti vumbi ndani, jambo ambalo kwa mji wetu ni neema. Gharama yake ni mbili: kazi nzito ikidumu kwa muda mrefu mashine hupunguza kasi, kwa kuwa joto halina wa kulisukuma nje, na RAM yake haiongezeki, kwa hiyo kosa utakalofanya siku ya kununua utakaa nalo hadi mwisho. Niliifikiria kwa miezi miwili. Niliyonayo nimeamua kubaki nayo, kwa sababu bado naweza kuiongezea RAM mwenyewe, na kwa sababu sasa najua namna ya kuishi nayo.

Video nazitoa usiku, madirisha yakiwa wazi, wakati upepo wa Dodoma umeshapoa. Wakati wa kurekodi kompyuta huwa kwenye asilimia 99, imeinuliwa nyuma kwa vipande viwili vya mbao ili ipate hewa chini, nami huiweka upande wa nyuma wa maikrofoni, ambako maikrofoni yangu haisikii vizuri. Agosti, msimu wa mavuno ulipowadia, nilimfuata mzee Hombolo. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akacheka, akaniuliza kama safari hii nimekuja na mashine au na ngurumo. Tulikaa chini ya mwarobaini uliopo pembeni ya shamba lake, akaanza upya maelezo yake yote tangu mkato wa kwanza. Katika rekodi ile kuna upepo kidogo, kuku wawili, na mlio wa mkasi anapokata kikonyo.

Mwisho wa rekodi anasikika akiuliza: "Mwanangu, imeshika?" Ilikuwa imeshika.